Uniti 75 za mama

Jamani, leo ni habari ya LUKU. Nyumbani Nyakakika mama alikuwa ananiomba hela ya umeme kila wiki, na hela hiyo hiyo ndiyo inayonunua dawa zake za presha. Nikakaa chini na kalamu.

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Akipita hapo, kila uniti ya ziada ni 350. Akizidisha mara kwa mara anahamishiwa kundi la shilingi 292, tena kuanzia uniti ya kwanza. Yaani uniti 75 zile zile, kabla ya kodi, ni 7,500 au 21,900!

Nikaanza na balbu. Nne za wati 60, saa tano kila jioni, zinakula uniti 36 kwa mwezi. Za LED za wati 9 zinakula 5.4 tu. Chaja ya simu, ambayo watoto wanagombezwa nayo kila siku, wala si kitu. Mlaji ni pasi: wati 1,000 kwa saa moja, uniti imekwenda. Sasa nguo zote zinapigwa Jumamosi.

Maharage yanalowekwa usiku, kuni zinapungua. Maji tunakinga: mvua ya milimita 10 kwenye bati la mita za mraba 30 ni karibu lita 300, madumu 15 hayo.

Imebaki kesi ya friji. Mdogo wangu anataka kuuza soda baridi. Nimemwambia biashara iwe na mita yake.