Kipande cha Waya Kipimacho Umeme

Siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina sola juu ya paa na betri pembeni mwa chumba. Volti za betri twazijua, kwa kuwa mita ya bei nafuu hutuonyesha. Walakini ni wachache wajuao ni ampea ngapi zitokazo ndani yake. Kwa hiyo nimeona vema nieleze jinsi tulivyotengeneza shuleni kwetu chombo kiitwacho shanti, kwa waya wa nyumba tu.

Mita zile zina tundu lililoandikwa 10A. Mara nyingi tundu hilo halina fyuzi, wala halikuundwa kubeba mkondo mkubwa ila kwa sekunde chache. Tena mtu akisahau waya ndani yake, kisha akagusa vichwa viwili vya betri ili apime volti, umeme wote wa betri hupita humo kwa ghafula, na cheche zake si mchezo. Nayo sola yetu ya volti 12 hutoa ampea 15 na zaidi jua likiwa kali. Mkondo wa namna hiyo ni afadhali upite kando ya mita.

Sisi tukaao Kilimanjaro twaijua mifereji. Fikiri kipande cha mfereji chenye vijiti viwili: maji yakiwa mengi, tofauti ya kina toka kijiti hiki hata kile huzidi, yakipungua, hupungua. Waya nao ni vivyo hivyo. Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyewahi kufundisha shule huko Cologne (mwalimu mwenzetu!), alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1827 kwamba volti zinazopotea katika waya hufuata wingi wa mkondo. Basi tukijua ukinzani wa waya, tukapima volti hizo ndogo, ampea twazipata kwa hesabu.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumba, una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa kila mita moja ya urefu. Sisi tulitaka omu 0.01, ili kila ampea 1 iache milivolti 10. Hesabu ilitupa sentimita 140 hivi. Tukakata 160, tukauzungusha juu ya ubao, na ncha zake tukazikaza kwa boliti mbili nene.

Hapa ndipo wengi hukosea. Nyaya nyembamba ziendazo kwenye mita zisifungwe katika boliti zile, maana kila kiungo kina ukinzani wake, nao huongezeka kikilegea au kikipata kutu. Zilehemiwe juu ya waya wenyewe, ndani ya boliti. Moja tuliilehemu kabisa. Ya pili tuliisogeza huku na huku, taa ya gari ya wati 55 ikiwaka, na mita ya pili tuliyoazimwa na fundi wa redio ikituonyesha ampea za kweli kwa muda mfupi. Mita ya kwanza iliposema milivolti 45 na ya pili ampea 4.5, tukalehemu papo hapo.

Shanti tuliifunga katika waya hasi wa betri, na fyuzi ikabaki katika waya chanya. Umeme wa nguzo usipimwe kwa chombo hiki kamwe, waweza kuua.

Sasa niseme kilichotusukuma. Betri yetu ilikuwa ikizimika kabla ya alfajiri, watoto wa mtihani wakakosa taa, na baadhi ya wazee wa kamati walimshuku mlinzi kwamba huchaji simu za watu kwa fedha. Usiku mmoja tulizima taa zote, simu hakuna, mzee mwenyewe amesimama nasi. Mita ikasema milivolti 13, yaani ampea 1.3. Tukachomoa inveta, iliyokuwa imewashwa bila kazi; ikasema sifuri. Kwa saa 12 hizo ni ampea-saa 15.6, kama kuchaji simu kumi na tano. Mzee akauliza, “Mwalimu, basi mwizi ni sanduku hili?” Kamati ilimwomba radhi wiki iliyofuata, nami naona ilikawia.

Limebaki jambo la joto. Ukinzani wa shaba huongezeka karibu sehemu 4 katika 100 kwa kila nyuzi 10 za joto, hata mita ikasema ampea nyingi kuliko zilizopo. Ndiyo sababu shanti za viwandani hufanywa kwa manganini, mchanganyiko wa shaba, manganizi na nikeli uliobuniwa na Edward Weston mwaka 1892, ambao ukinzani wake haubadiliki sana. Kwa taa za usiku waya wetu haupati joto. Adhuhuri, mkondo ukifika ampea 15, hupata wati 2 na zaidi. Basi mimi huugusa kwanza, na nikiuona una fukuto, tarakimu ya mwisho siiandiki daftarini.