Intaneti Ilipoacha Kuwa Mahali pa Kwenda

Ukimwuliza kijana wa Dar es Salaam intaneti iliingia lini maishani mwake, atakutajia simu yake ya kwanza ya kupangusa. Waliomtangulia wana hadithi ndefu zaidi, kwa sababu wao walikuwa na simu miaka mingi kabla ya kuwa na intaneti. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, ilikuwa mikononi mwa wauza samaki wa Feri na walimu wa vijijini. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, watu wakawa wanatumiana ada na nauli kwa vitochi visivyoweza kufungua tovuti hata moja. Walibipu, walikwangua vocha, walituma meseji zilizokatwa vokali ili zienee. Intaneti yenyewe ilikuwa kwingine. Ili kuifikia ilibidi mtu aoge, avae viatu, apande daladala.

Alikokwenda ni intaneti kafe, pale Posta, Mwenge au Kariakoo. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, akiwa mwanafunzi, alikuwa anaandika maswali yake kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, maana kafe ililipwa kwa muda na nusu saa haikumngoja mtu akumbuke alichofuata. Picha ilishuka kutoka juu ya kioo mstari kwa mstari. Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, foleni ilifika nje ya mlango: wazazi wakiwa na namba za mtihani kwenye vikaratasi, na mhudumu mmoja akiwasomea madaraja kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Ule uzito wa mtandao ulikuwa na sababu. Mawasiliano mengi ya nje yalipita kwenye satelaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda huko na kushuka ng'ambo, kisha jibu nalo likapanda na kushuka. Nusu sekunde ilikwisha njiani kabla ukurasa haujaanza hata kuonekana. Njia hiyo ilikuwa ghali mno, na kompyuta zote za kafe ziligawana kipande kimoja chembamba.

Katikati hapo ikaja intaneti ya kuchujwa. Simu zenye Java ziliweza kubeba Opera Mini, kivinjari kilichosambazwa duniani mwaka 2006. Kazi ya kufungua ukurasa ilifanywa na kompyuta za kampuni ya Opera ng'ambo, zikaukamua na kuutuma ukiwa mwepesi. Ilikuwa neema kubwa, na wengi walisoma habari zao za kwanza za mtandaoni humo. Lakini fomu hazikujazika vizuri, video hazikucheza, na picha zilikuwa ndogo kama stempu.

Tarehe 23 Julai 2009 ndiyo siku ambayo mwandishi huyu angependa watoto wa shule waijue. Siku hiyo mkongo wa SEACOM, unaopita chini ya Bahari ya Hindi, ulianza kazi, ukiiunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya pamoja na India. Mkongo wa TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, ulikuja mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Watu huisifu simu na kuusahau mkongo, jambo ambalo si haki. Simu, hata iwe nzuri kiasi gani, ingetufaa nini huku data ikiendelea kupanda angani kwa bei ile?

Simu nayo ilichelewa kidogo. iPhone ilianza kuuzwa Marekani Juni 2007, ila bei yake haikuwa ya mtu wa Buguruni. Aliyefungua mlango ni Android, iliyoingia sokoni mwaka 2008, kwa kuwa kampuni yoyote ingeweza kuiweka kwenye simu ya bei ya chini. Mwaka 2011 Wakenya waliuziwa Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000 za kwao, simu yenye kioo cha inchi 2.8 ambacho leo mtoto angekikataa, lakini iliyofungua tovuti nzima kama zilivyo. Upande wa Tanzania maduka ya Kariakoo yakajaa Tecno na itel, zenye laini mbili kwa watu ambao tayari walikuwa wakibadilisha laini kila wakipiga simu mtandao mwingine.

Yaliyofuata yanaonekana vizuri zaidi kwa mafundi na wafanyabiashara. Fundi cherehani zamani alibandika ukutani bango la mishono, na mteja akachagua humo humo. Sasa mteja huingia na picha ya gauni aliloliona usiku Instagram, akaikuza kwa vidole ili fundi aone shingo ilivyokatwa. Mnunuzi wa gari wa Mwanza, ambaye chaguo lake lilikuwa yadi za Dar es Salaam na maneno ya dalali, akaanza kukagua mwenyewe magari yaliyoko Japani kwenye tovuti ya BE FORWARD: picha kwa picha, kutoka tairi hadi kutu ya chini. Hayo kitochi kisingeyaweza. Na WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti, Agosti 2013, mabibi wasiopenda kuandika walipata njia yao. Wajukuu walioko Muscat wakaanza kupokea salamu ndefu zenye sauti za kuku nyuma yake.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Madereva wa programu za usafiri walikosa abiria, wauzaji wa mtandaoni wakakosa oda. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo, kukatika kwa intaneti kulikuwa tatizo la mwenye kafe.

Kafe zenyewe nyingi zimefungwa, steshenari zikachukua nafasi. Maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufanywa mtandaoni, na maombi ya ajira serikalini vilevile. Kijana aliyemaliza kidato cha sita kijijini, mwenye kitochi, au mwenye simu ya kupangusa lakini bando lake limeisha, hulipa mtu wa steshenari amjazie. Humwachia namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa na nywila aliyochaguliwa na mtu mwingine, kisha hurudi kijijini asiweze kufuatilia ombi lake mpaka apate nauli tena. Vifurushi vya siku moja vimewasaidia wengi kama yeye, ila fomu ya mkopo haiishi kwa siku moja: barua huombwa, cheti hurudishwa, sahihi hukosekana, na kila mara bando lingine linahitajika.