Vitabu Tulivyosoma Likizo Hii Ujiji

Likizo ya Desemba wapwa zangu watatu walikuja Ujiji kwa treni kutoka Dar es Salaam, na kwa siku mbili za mwanzo walikuwa watoto wa kupigiwa mfano. Walimwamkia bibi yao kila alfajiri, walikula migebuka bila kulalamikia miiba, wakaokota maembe uani na kuyapanga kwa ukubwa. Siku ya tatu umeme ulikatika na simu zikazima. Mkubwa wao, binti wa kidato cha tatu, akanijia kwa adabu kuniuliza kama nina kitabu cha kusoma. Nikamwonyesha rafu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, hivi vyote ni vya kufundisha. Hakuna hata kimoja cha kufurahisha?"

Nilitaka kumkemea, lakini rafu ilimpa haki. Palikuwa na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, vitabu vya fiqhi, vya sira, na vya kiada nilivyovitumia nilipokuwa mwalimu. Vya hadithi nilikuwa nimevifungia sandukuni miaka mingi, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi kitabu cha kufurahisha huhesabiwa kuwa upuuzi, na anayekisoma huonekana mvivu. Sijui tuliitoa wapi fikra hii. Allah (S.W.) mwenyewe, mwanzoni mwa Surat Yusuf, ametaja kuwa anatusimulia visa vilivyo bora, na nani kati yetu amewahi kuisikia sura ile asitake kujua litakuwaje lile kopo la mfalme lililofichwa katika mzigo wa ndugu? Basi nikalifungua sanduku.

Cha kwanza kutoka kilikuwa *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Nilimpa wa katikati, mvulana asiyependa kusoma. Nikamwambia tu kwamba ndani yake yumo mtu mwema, mpole, anayewachapa manyani wawili kila usiku, na mfalme anataka kujua sababu. Sikumwona tena mpaka adhuhuri. Kwa msomaji wa umri huo sijui kitabu cha Kiswahili kinachoshika haraka zaidi, ingawa mwandishi hupenda kusimama njiani na kuwaidhi. Mvulana aliniambia waziwazi kwamba mahali hapo aliruka. Mdogo wao alichukua *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kwa ajili ya jina lake, na akashangaa kukuta badala ya mzimu mpelelezi mwenye kiko, Bwana Msa, asiyeamini mizimu hata kidogo.

Binti nikampa *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, nasi tukasubiri karibu miaka thelathini kuisoma katika lugha yetu, mpaka Ida Hadjivayanis alipoitafsiri. Kijana Yusuf anatolewa na wazazi wake kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba, kisha anasafiri na msafara wake hadi bara. Majina hayo mawili hayampiti mtu aliyesoma Qur'ani, na binti aliyaona kabla sijamwambia. Si kitabu cha mtoto mdogo, na mzazi akipitie kwanza. Alikisoma siku nne kwa taa ya sola, kisha akauliza kama misafara ile ilikuwapo kweli na kama ilifika kwetu.

Mwanangu, nilimjibu, umelala juu ya njia yao. Nikatoa kitabu cha mwisho.

Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye watu wengi humwita Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, na mwenyewe akafariki Unguja mwaka 1905. Nilicho nacho ni fotokopi ya chapa ya 1966, iliyotolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Kurasa zake zimefifia, lakini sauti yake haijafifia. Anasimulia kama mtu aliyeketi barazani baada ya isha: sentensi fupi, hana pambo, hajisifu sana wala haombi radhi. Ujiji imo, ziwa limo, Tabora imo. Kwa utamu wa Kiswahili peke yake ningempa kila kijana wa Kigoma.

Tulikisoma kwa sauti usiku, mama yangu akiwa kitandani karibu na dirisha. Mama ana miaka zaidi ya themanini. Herufi za Kilatini hazijui, lakini barua zake zote aliziandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na alipoambiwa kitabu kiliandikwa hivyo akasema, "Basi mngeniletea mkono wake, nikajisomea."

Tukafika kisa cha Kasongo Rushie, mfalme mzee wa Utetera, ng'ambo ya ziwa. Hamed alikuwa amesikia kwamba zamani mabinti wawili wa ukoo ule walitekwa vitani wakapelekwa mbali. Akaenda kwa mzee akadai kuwa babu yake alimpata mmoja wa mabinti hao, na kwamba yeye Hamed ni mjukuu wa mwanamke yule. Mzee akaamini, akamkabidhi nchi na pembe zake. Wapwa zangu walicheka mpaka kitabu kikaanguka. Kwao alikuwa Abunuwasi mwenye bunduki. Mama naye alicheka. Kisha akanyamaza, na baada ya muda akasema:

"Yeye alidanganya kuwa bibi yake alitekwa, akapewa ufalme. Mimi bibi yangu alitekwa kweli."

Sote tulijua kwamba sisi ni Wamanyema. Katika Ujiji si habari. Lakini neno hilo moja, alitekwa, sikuwahi kulisikia kinywani mwa mama. Alieleza kidogo tu: bibi mzaa mama yake alivushwa ziwa akiwa mtoto, na jina alilozikwa nalo alipewa huku. La kwao hakuna anayelijua.

Usiku ule hatukuendelea. Nilikaa na kitabu peke yangu nikakisoma upya pale wapagazi wanapotoroka, naye anawasaka ndugu na wazee wao na kuwafunga minyororo. Anayaeleza hayo kwa sauti ileile tulivu. Mwandishi huyu alikuwa Mwislamu, na Kitabu tunachokisoma sisi na yeye, katika Surat al-Balad, kimeutaja ukombozi wa mtumwa kuwa ndio njia ngumu ya mlimani. Ndugu mmoja wa msikitini aliniambia nikifiche kitabu hicho, kwa kuwa kinawapa silaha wanaotusema vibaya. Naelewa hofu yake. Lakini walioko ng'ambo hawahitaji fotokopi yangu ili wakumbuke, na watoto wangu wakikikuta ukubwani, mikononi mwa mtu mwingine, watauliza kwa nini mjomba alikificha. Nakipendekeza, basi, kwa wenye umri wa sekondari, kisomwe kwa sauti mbele ya mtu mzima, na mtu mzima asikimbilie kukieleza.

Nilidhani mama hatataka kukisikia tena. Asubuhi, baada ya chai, alimwita binti akamwambia kisomwe kutoka mwanzo, polepole, kwani alikuwa akisinzia zile kurasa za kwanza. Tukaanza upya. Likizo ikaisha tukiwa tumefika Hamed kijana anapovuka ziwa mara ya kwanza. Wapwa wamerudi shule, nami nilijaribu kuendelea kumsomea, lakini mama amenizuia. Wajukuu watakuja tena Juni, inshaallah, na hataki nimtangulize mbele yao.