Makala Ilipoanza Kulipiwa

Nilipoanza kufundisha chuo kikuu, makala ilikwenda kwa posta. Ulipiga chapa nakala tatu, ukazitia kwenye bahasha ya kaki, ukasubiri miezi, pengine mwaka. Jibu mara nyingi lilikuwa kukataliwa, pamoja na maoni ya wasomaji wawili wasiokujua: makali, lakini yaliyokufundisha kazi. Hakuna aliyekudai senti. Waliolipa ni wasomaji, yaani maktaba, na ya kwetu haikumudu. Majarida ya nje kwenye rafu zake yalikuwa ya miaka iliyopita.

Kwa hiyo Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilipotaka utafiti usomwe bure kwenye intaneti, nilifurahi sana, na hadi leo naliunga mkono. Lakini gharama zilibaki palepale. Zilibadilisha mlipaji tu. Jarida la PLoS Biology, lililoanza 2003, lilimtoza mwandishi dola 1,500 kwa makala. Jarida la Nature lilipofungua njia hiyo ya mwandishi kulipa ili makala isomwe bure, mwaka 2021, ada ilikuwa euro 9,500. Yapo majarida yanayosamehe waandishi wa nchi maskini, na hilo ni jema.

Shida ni kwamba mlipaji akiwa mwandishi, kila makala inayokataliwa ni fedha iliyopotea kwa jarida. Matapeli waliliona hilo mapema. Barua pepe zikaanza kumiminika, zikiahidi kuchapisha makala ndani ya wiki moja. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alipeleka makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayotoza waandishi, na 157 yaliikubali. Wala si vichochoroni tu: kampuni ya uchapishaji ya Hindawi, iliyonunuliwa na mchapishaji mkubwa Wiley mwaka 2021, ilifuta makala zaidi ya 8,000 katika mwaka 2023 pekee.

Nimewaona wahadhiri vijana wakilipa ada hizo kwa mishahara yao, wengine kwa mikopo ya SACCOS, kwa sababu bila idadi fulani ya makala hawapandi cheo. Siwezi kuwaita wezi. Nimekaa kwenye vikao ambavyo makala zilihesabiwa bila hata moja kufunguliwa, na hapo ndipo soko la matapeli linapopata wateja.

Wenzangu mnaokaa kwenye kamati za kupandisha vyeo, mwombeni mhadhiri alete makala zake tatu anazojivunia, kisha mzisome zote kabla ya kupiga kura.