Wageni wa Vuli: Safari ya Ngulia

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, wageni wengi hufika kwetu bila kupiga hodi. Wageni hao ni ndege. Wanatoka mbali: Ulaya, Urusi na Uchina. Huko kwao baridi inaanza, majani ya miti yanapukutika, na wadudu wanakwisha. Ndege akibaki atakufa njaa. Kwa hiyo hufunga safari kuja Afrika.

Mahali pazuri pa kuwaona ni Ngulia. Hivi ni vilima vilivyo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, nchini Kenya. Ukifika Mtito Andei, katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, unaingia mbugani. Unapita nyika kavu yenye mibuyu mikubwa, kisha unapanda vilimani. Huko juu iko hoteli ya watalii. Taa zake huwaka usiku ili watu waone wanyama wanaokuja kunywa maji.

Kwa nini ndege wengi huonekana hapo? Mwezi wa Novemba na Desemba, ukungu hufunika vilima hivyo usiku. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Ukungu ukiwa mzito na mbalamwezi haipo, hupotewa na njia. Wakiona mwanga wa taa huufuata, na kushuka kwa wingi.

Tangu mwaka 1969 watazamaji wa ndege wamekuwa wakikutana Ngulia majira hayo. Wengi hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Hutandaza nyavu za uzi mwembamba. Ndege akinaswa, humtoa polepole, humpima, na kumvisha mguuni pete nyepesi yenye namba. Kisha humwachia aende zake. Mimi nimezoea kupima mahindi kwa magunia. Huko nilimwona ndege wa gramu 12 tu. Ndege wanne kama yeye ndio uzito wa yai moja la kuku! Naye ametoka Ulaya kwa mabawa yake mwenyewe.

Pete ina faida gani? Ndege waliovishwa pete Ngulia wamepatikana baadaye Urusi na Uarabuni. Hivyo njia yao imejulikana. Watazamaji pia huambiana walichokiona. Akionekana ndege adimu, huandika daftarini jina lake, mahali na tarehe.

Yuko mgeni mwingine apitaye Tsavo majira hayo. Ni kozi wa Amur. Amur ni mto ulio mpakani mwa Urusi na Uchina. Kozi huyu ana uzito wa gramu 150 hivi. Huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, zaidi ya kilomita 3,000, bila kutua. Akifika kwetu hufuata mvua, apate kula kumbikumbi na wadudu wengine.

Mwaka 2012 kozi hawa walikuwa hatarini. Huko Nagaland, India, karibu na ziwa la Doyang, wanavijiji waliwanasa kwa nyavu za samaki na kuuza nyama yao. Waliuawa makumi ya maelfu. Watu walipoelimishwa, wazee wa vijiji walikaa na kukata shauri. Mwaka 2013 uuaji huo ulikoma. Wanavijiji wakawa walinzi.

Je, sisi tunawapokeaje? Katika kazi yangu nimewasikia wakulima wakisema, "Ndege ni ndege, wote ni wezi wa mtama." Sivyo. Tazama mdomo wa ndege. Kwelea kwelea ana mdomo mfupi, mnene, wa kuvunja punje. Huyo ni adui wa mtama kweli. Kozi ana mdomo uliopinda kama ndoana. Hawezi kula mtama wako. Ndege mwenye mdomo mwembamba kama sindano hula wadudu. Hao ni wasaidizi wako, nao hawadai mshahara.

Wapo watu wanaochanganya nafaka na dawa ya wadudu ili waue ndege. Hiyo ni hatari kubwa. Sumu haichagui. Ndege akifa, mbwa humla akafa. Mtoto akimwokota na kumchoma, naye aweza kufa. Kwelea kwelea wakivamia, toa habari mapema kwa afisa wa kilimo. Usitege sumu.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Vuli hii tenga kurasa mbili za daftari lako. Andika ndege gani mgeni umemwona, tarehe gani, na alikuwa akila nini. Soma uliyoandika mbele ya jirani zako. Mwaka ujao linganisha. Hapo mtajua wenyewe nani mwizi na nani msaidizi, kabla hamjamrushia jiwe.