Unafyeka Nyasi

Mpira wangu unapinda kulia. Kila mara. Nimetazama video hadi bando ikaisha, na kocha wa Ngong Road amenieleza vizuri tu: mabega yanatangulia, fimbo inatoka nje kuja ndani, uso wake umeachia. Sawa. Kichwa kilielewa, mwili ukakataa.

Basi nikamwita Baba. Alibeba mifuko ya gofu ya watu miaka 26, katika klabu ambayo makedi walicheza Jumatatu pekee, tena kwa fimbo za kuazima. Sikuwahi kumwona akicheza. Kwetu gofu ilikuwa karo.

"Wewe unafyeka nyasi," akasema. "Ishike kama mkono wa mtoto mkivuka barabara. Asichomoke, asilie. Halafu anza na kiuno, mikono itafuata yenyewe."

Kisha akaomba fimbo. Miaka 71, goti bovu, viatu vya kanisani. Akapiga mmoja tu. Ukaenda wima, ukapita kibao cha mita 100, na jamaa wa kando yetu akauliza, "Mzee, wewe ni memba wapi?"

Baba alicheka, akanirudishia fimbo.

"Piga. Hiyo mipira tumelipia."