Kulea Kabla ya Kuzaa: Sanaa na Hofu ya Mja Mzito

Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii hutajwa aghalabu ili kuwakumbusha wazazi wajibu wao, na katika muktadha huo haina dosari. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana moja isiyotamkwa: kwamba aliyezaa atabaki hai ili alee. Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, mwanamke mwenye mimba hakuwa na hakika hiyo. Swali linalostahili kumshughulisha mhakiki ni hili: mja mzito aliyekiona kifo kimemkabili aliifanyia nini hofu yake? Wapo walioitungia. Na utungo wao, ukichunguzwa kwa makini, ni jaribio la kuipindua methali: kulea kwanza, kuzaa baadaye.

Elizabeth Jocelin alizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 16, akalelewa na babu yake, William Chaderton, askofu wa Lincoln, na kupata elimu ambayo wasichana wachache wa zama zake waliipata. Aliolewa mwaka wa 1616. Mwaka wa 1622 akawa na mimba yake ya kwanza. Kasisi Thomas Goad, aliyeandika utangulizi wa kitabu chake, anasimulia kwamba mama huyu alipohisi mtoto akicheza tumboni, aliagiza kwa siri anunuliwe sanda mpya. Kisha, faraghani, akaanza kumwandikia mawaidha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Alijifungua binti tarehe 12 Oktoba 1622, na siku tisa baadaye akafa kwa homa. Maandishi yake yalikutwa katika dawati lake, yakachapishwa mwaka wa 1624 kwa anwani ambayo kwa Kiswahili ingekuwa Urithi wa Mama kwa Mtoto Wake Asiyezaliwa.

Sanda na waraka vilitayarishwa katika miezi ileile, na ni vyema visomwe pamoja. Sanda ilikuwa kukiri tu: hofu ipo, na huenda ikathibitika. Waraka ulikwenda mbele zaidi. Haukuiondoa hofu hiyo. Kila ukurasa wake unachukulia kwamba mwandishi hatakuwapo. Lakini uliigawa. Hofu isiyo na umbo humjaa mtu mchana na usiku, wala haina mahali pa kuanzia. Jocelin aliigeuza kuwa mambo yanayoweza kuandikwa moja baada ya jingine: sala ya asubuhi, kiburi cha mavazi, uvivu, ulevi. Mtu hawezi kuketi mezani akakiandalia kifo jibu, ila anaweza kuketi akaandika aya moja kuhusu namna mtoto atakavyoianza siku yake.

Ugumu wa kisanaa ulikuwa katika hadhira. Jocelin hakujua anazungumza na nani. Katika barua aliyomwachia mumewe anatamani kwamba, akizaliwa mvulana, awe mhubiri wa Neno la Mungu. Akizaliwa msichana, afundishwe Biblia, kazi za nyumbani, kuandika na matendo mema, kwani elimu zaidi ya hiyo si lazima kwa mwanamke. Kiswahili kingempa neno mwana, lisilobainisha jinsia, ila neno hilo lisingeziunganisha njia mbili ambazo jamii yake ilikuwa tayari imezitenga. Kinachomshtua msomaji wa leo ni kwamba maneno hayo yanatoka kwa mwanamke msomi, kalamu ikiwa mkononi mwake.

Hapa msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kukosa kumkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu. Huyu hakuwa mja mzito. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na mjane wa Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na utawala wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1858 alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Hadhira yake ilikuwapo: anamwita binti asogee, alete wino na karatasi. Jocelin hakuwa na wa kumwita. Lakini wote wawili walitaka utungo uwe kitu cha kubaki na mtoto baada ya mama kuondoka. Mwana Kupona anaulinganisha wake na hirizi, tena na kidani cha lulu na marijani, yaani vitu vinavyovaliwa mwilini.

Uhakiki umemlaumu Mwana Kupona, na si bila sababu, kwa kumfunza binti utiifu kwa mume. Ila lawama hiyo mara nyingi husahau saa ya utunzi. Mama anayetarajia kuishi anaweza kumruhusu bintiye ajaribu njia mpya, kwa kuwa akianguka yupo wa kumwinua. Mama anayeaga humkabidhi mwanawe kwa kanuni zilizopo, hata zikiwa kanuni zinazombana, kwa kuwa ndizo anazozijua kuwa zinamlinda yatima. Kulitambua hilo si kuutetea mfumo dume. Ni kutambua kwamba hofu nayo ina mkono katika maudhui, na kwamba uhafidhina wa wosia unaweza kuwa hesabu ya usalama kabla ya kuwa imani.

Wala thamani ya tungo hizi haitegemei kutimia kwa hofu. Anne Bradstreet, aliyehamia Massachusetts mwaka wa 1630, alimwandikia mumewe shairi kabla ya kujifungua mmoja wa watoto wake wanane, akimwomba awalinde watoto dhidi ya madhara ya mama wa kambo. Alivuka salama, akafa mwaka wa 1672. Shairi likachapishwa mwaka wa 1678. Shairi lilikuwa limekwisha kumfanyia kazi yake.

Hali hii si ya karne zilizopita pekee. Kafyu ilipoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mja mzito yeyote alikuwa na sababu ya kujiuliza angefikaje kwa mkunga uchungu ukimshika usiku. Mwanamke aliyefuma kofia ya mtoto au kumwandikia barua katika daftari wakati huo alikuwa katika kazi ileile ya Jocelin, na madaftari ya namna hiyo yanastahili kutafutwa na kusomwa kama fasihi.

Waraka wa Jocelin haukukamilika. Goad anataja sababu mbili zinazowezekana: matatizo yaliyompata mwezi mmoja hivi kabla ya kufa, au kukosea hesabu ya miezi ya mimba yake ya kwanza. Binti yake, Theodora, aliachiwa malezi yaliyokatika katikati, pamoja na ushahidi kwamba yalianzwa kabla hajazaliwa.